Utatuzi wa Hitilafu za Mafaili ya Kumbukumbu na Ruhusa katika Seva ya Orodha ya Barua Pepe: Mfano wa Mazingira ya Vyuo vya Lushoto

IKISIRI

Orodha ya barua pepe ni njia ambayo kwayo ujumbe uliotumwa kwa anwani moja huwafikia wanachama wote wa kundi. Njia hii inapokwama, mara nyingi hukwama kimyakimya: mtumaji huamini kuwa ametuma, na mpokeaji hajui kuwa kuna kilichotumwa. Makala haya yanafafanua namna ya kutafuta chanzo cha hitilafu ya aina hiyo kwa kusoma mafaili ya kumbukumbu ya seva na kuchunguza ruhusa za mafaili na saraka. Programu inayotumika kama mfano ni Mailman, toleo la 2.1, katika mfumo wa Debian. Hoja kuu ni kwamba ruhusa inapokataliwa, dawa si kumfungulia mlango kila mtu, bali ni kutambua nani alipaswa kusoma au kuandika, wapi, na ni kitu gani kimemzuia. Hoja hiyo inajengwa kwa kuilinganisha seva na masjala ya mahakama.

Maneno ya msingi: seva, orodha ya barua pepe, faili la kumbukumbu, batli, ruhusa, masjala

1.0 Utangulizi

Mji wa Lushoto umo katika Milima ya Usambara, mkoani Tanga, takribani mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Ni mji mdogo, lakini ni mji wa vyuo. Hapo ndipo kilipo Chuo cha Uongozi wa Mahakama, kilichoanzishwa kwa Sheria Na. 3 ya mwaka 1998 kwa ajili ya mafunzo ya watumishi wa mahakama. Aidha, mwaka 2007 kilianzishwa huko Magamba chuo kikuu cha Kilutheri kilichopewa jina la Askofu Sebastian Kolowa.

Chuo chochote katika mazingira ya namna hii kina matangazo ambayo lazima yafike kwa wakati: mabadiliko ya ratiba ya mitihani, mwisho wa kuwasilisha rufaa za matokeo, vikao vya idara. Orodha ya barua pepe inayoendeshwa na seva ya chuo chenyewe ni njia nafuu ya kuyafikisha. Hata hivyo, unafuu huo una sharti lake. Seva ikigoma, mtaalamu wa kuitwa huenda yuko Tanga au Dar es Salaam, na barabara ya kupanda kutoka Mombo haifupishwi na dharura ya mtu. Kwa hiyo, kile ambacho fundi aliyepo anaweza kukisoma na kukielewa mwenyewe ndicho kinachoamua kama tangazo litafika leo au wiki ijayo.

Maelezo mengi ya kiufundi kuhusu seva yameandikwa kwa Kiingereza. Zimekuwapo jitihada za kuileta taaluma hii katika Kiswahili, mojawapo ikiwa mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambao mwaka 2004 ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi kwa Kiswahili. Jitihada hizo zilimlenga zaidi mtumiaji wa kompyuta wa kawaida. Makala haya yanamlenga mtu anayekaa nyuma ya mtumiaji huyo, yaani mtunza seva.

2.0 Istilahi

Faili la kumbukumbu ni faili ambamo programu huandika, mstari baada ya mstari, kila inachokifanya, pamoja na saa ya tukio. Mafundi wengi huliita logi. Kiswahili cha pwani kina neno la zamani zaidi lenye dhana hiyohiyo: batli. Kwa mabaharia, batli ni kifaa cha kupimia mwendo wa chombo, na pia ni daftari linaloandikwa habari za safari. Neno la Kiingereza linalotumika katika kompyuta lilipita njia hiyohiyo: lilitokana na kipande cha gogo kilichotupwa majini kupimia mwendo wa meli, kisha likawa jina la daftari. Ulinganifu huu unafafanua kazi ya faili lenyewe. Nahodha haandiki batli kwa sababu ameshapotea. Huiandika ili akipotea ajue alikuwa wapi mara ya mwisho alipokuwa na uhakika.

Saraka ni mahali ambapo mafaili yamepangwa ndani ya diski. Ruhusa ni kanuni inayosema nani anaweza kulisoma faili, kuliandika, au kuliendesha kama programu. Katika mifumo ya jamii ya Unix, ikiwamo Linux, kila faili lina mmiliki mmoja na kundi moja, na ruhusa hutolewa kwa ngazi tatu: mmiliki, kundi, na watu wengine wote. Kusoma huhesabiwa 4, kuandika 2, na kuendesha 1. Hivyo, ruhusa ya 640 maana yake ni kwamba mmiliki anasoma na kuandika, kundi linasoma tu, na wengine hawana chochote. Kwa upande wa saraka, tarakimu 1 ina maana ya kupita. Mtu asiyeruhusiwa kupita katika saraka hawezi kulifikia faili lililomo ndani yake, hata kama faili lenyewe limeachwa wazi.

3.0 Safari ya Ujumbe ndani ya Seva

Hitilafu haiwezi kutafutwa bila kujua njia. Ujumbe unaotumwa kwa orodha hupita mikononi mwa programu mbili. Ya kwanza ni programu ya posta, kwa mfano Postfix, ambayo huupokea kutoka nje. Hiyo huukabidhi kwa kiungo kidogo cha Mailman, ambacho huuweka katika foleni ya kuingilia na kumaliza kazi yake. Baadaye, mchakato mwingine wa Mailman huuchukua ujumbe kutoka katika foleni, husoma faili la orodha husika, huangalia kama mtumaji anaruhusiwa, kisha huupeleka katika foleni ya kutokea. Kutoka hapo ujumbe hurudishwa kwa Postfix ili usambazwe kwa wanachama.

Jambo la kuzingatia ni kwamba makabidhiano ya kwanza yanaweza kufanikiwa huku kazi iliyobaki ikishindikana. Katika hali hiyo, Postfix itaandika kwa ukweli kabisa kwamba ujumbe umefikishwa, kwa maana umefikishwa kwa Mailman. Fundi anayesoma kumbukumbu za Postfix peke yake ataona kila kitu ni salama.

Kwa upande mwingine, kuna hitilafu inayotokea kabla Mailman haijaanza kazi. Kiungo cha Mailman hukagua kimeitwa na kundi gani la watumiaji. Kikikuta kundi lisilotarajiwa, hukataa, na ujumbe hurudi kwa mtumaji. Chanzo cha kawaida ni umiliki wa faili la majina ya anwani. Postfix huendesha amri iliyomo katika faili hilo kwa kutumia mamlaka ya mmiliki wake. Mmiliki akiwa ni mtumiaji mkuu, aitwaye root, Postfix kwa tahadhari hutumia badala yake mtumiaji asiye na mamlaka yoyote. Hitilafu hii haionekani katika kumbukumbu za Mailman. Huonekana katika kumbukumbu za posta, kwa sababu Mailman ilikataa mlangoni.

4.0 Kusoma Mafaili ya Kumbukumbu

Katika Debian, kumbukumbu za posta huwa katika /var/log/mail.log, na za Mailman katika saraka ya /var/log/mailman. Saraka hii ina mafaili kadhaa, na kila moja lina swali lake. Faili la post hujibu swali la ujumbe gani umesambazwa. Faili la smtp-failure hueleza ni anwani zipi zilizoshindikana wakati wa kusambaza. Faili la vette huonyesha ujumbe uliozuiliwa ili msimamizi aukague au uliotupwa. Faili la subscribe huandika waliojiunga na waliojitoa, na la bounce huandika anwani zinazorudisha barua. Faili la error huandika yale ambayo programu haikuyatarajia.

Kosa la kawaida ni kufungua faili la error na kusoma mstari wa mwisho tu. Njia bora ni kuanza na saa ya tukio na kulifuata tukio hilo katika kila faili. Hapa mzungumzaji wa Kiswahili anahitaji uangalifu wa ziada. Mlalamikaji atasema alituma tangazo saa mbili na robo asubuhi. Seva itakuwa imeandika 08:15. Iwapo seva imewekwa katika saa ya kimataifa, ambayo iko nyuma ya saa ya Afrika Mashariki kwa saa 3, itaandika 05:15. Fundi anayetafuta 02:15 atakuta ukimya na kuhitimisha, kimakosa, kwamba ujumbe haukuwahi kufika. Kwa sababu hiyo, jambo la kwanza ni kutoa amri ya date na kuhakikisha seva inasoma saa gani, hasa baada ya umeme kukatika na kurudi.

Inafaa pia kutofautisha ukimya wa aina mbili. Faili lisilo na mstari mpya kwa sababu hakuna kilichotokea si sawa na faili lisilo na mstari mpya kwa sababu programu imezuiwa kuliandika. Mafaili ya kumbukumbu huzungushwa mara kwa mara: la zamani hupewa jina jingine na jipya huundwa. Faili jipya likiundwa kwa umiliki wa root na ruhusa ya 600, Mailman haitaweza kuliandika. Vilevile, mchakato ambao haujaambiwa ufungue upya kumbukumbu zake huendelea kuandika katika faili la zamani. Amri ya mailmanctl reopen ndiyo inayouelekeza kwenye faili jipya. Kwa hiyo, kabla ya kuuamini ukimya, ni lazima kuangalia kwa amri ya ls -l nani anamiliki faili hilo na liliandikwa mara ya mwisho lini.

5.0 Mfano wa Utatuzi

Mfano ufuatao ni wa kubuni, ila kila hatua yake inaafiki utendaji halisi wa programu. Ijumaa jioni umeme ulikatika katika chuo kimoja cha milimani, na seva ilipowaka ilionekana kwamba faili la orodha ya matangazo limeharibika. Fundi, akiwa ameingia kama root, alilirejesha kutoka katika nakala rudufu. Seva ikaanza kazi, naye akaenda nyumbani. Jumatatu saa 2 na robo asubuhi, ofisi ya taaluma ilituma tangazo kwamba mtihani wa Jumatano umesogezwa hadi Jumanne. Kufikia saa 8 mchana hakuna mwanafunzi aliyelipata.

Hatua ya kwanza ni kumbukumbu za posta. Mstari wa 08:15 unaonyesha kwamba ujumbe ulipokelewa na kukabidhiwa kwa Mailman bila kasoro. Kwa hiyo mtumaji hakukosea, na Postfix haina lawama.

Hatua ya pili ni faili la post. Halina mstari wowote wa Jumatatu. Kwa hiyo ujumbe uliingia lakini haukutoka. Faili la vette nalo liko kimya, maana yake ujumbe haukuzuiliwa ili kusubiri idhini.

Hatua ya tatu ni faili la error. Hapo, kwa saa ileile ya 08:15, kuna hitilafu namba 13, yaani ruhusa imekataliwa, ikifuatwa na njia ya faili la config.pck la orodha ya matangazo, kisha mstari unaoanza na neno SHUNTING. Mstari huo unaeleza kwamba Mailman, iliposhindwa kuendelea, haikuutupa ujumbe. Iliuweka kando katika saraka iitwayo shunt, ndani ya saraka ya foleni.

Hatua ya nne ni kuchunguza ruhusa. Amri ya namei -l, ikifuatwa na njia kamili ya faili, huonyesha umiliki na ruhusa za kila saraka kutoka juu hadi chini. Saraka zote ni za kundi la list, kama inavyotakiwa, na zina ruhusa ya kupita. Faili la config.pck peke yake ni la root, kwa ruhusa ya 600. Nakala ilirejeshwa na root, ikabaki mikononi mwa root.

Hapa pana mtego unaostahili kutajwa. Fundi akijaribu kulisoma faili hilo akiwa bado ni root, litasomeka, kwa kuwa root havizuiwi na ruhusa hizi. Atahitimisha kwamba faili ni zima. Jaribio lenye maana ni lile linalofanywa kwa mamlaka ya mtumiaji anayeendesha Mailman, yaani list, kwa amri ya sudo -u list. Jaribio hilo litakataliwa, na kukataliwa huko ndiko kunakothibitisha chanzo.

Hatua ya tano ni kurekebisha: kulirudisha faili katika umiliki wa list na kundi la list kwa amri ya chown, na kuweka ruhusa ya 660 kwa amri ya chmod. Programu ya check_perms inayokuja na Mailman hukagua sehemu nyingine. Ikiendeshwa bila nyongeza hutoa taarifa tu, na ikiongezewa -f hurekebisha. Ni busara kusoma taarifa kwanza. Iwapo ruhusa zote ni sahihi na hitilafu namba 13 bado inatokea, katika mifumo yenye SELinux huenda kizuizi kiko katika tabaka hilo la pili la ulinzi, ambalo huandika kumbukumbu zake mahali pake.

Hatua ya sita ni kuurudisha ujumbe uliowekwa kando, kwa amri ya unshunt. Kabla ya hapo, yaliyomo katika saraka ya shunt lazima yakaguliwe. Huenda humo mna ujumbe wa miezi iliyopita ulioachwa na hitilafu nyingine, na amri hiyo huurudisha wote pamoja. Mwanafunzi akipokea tangazo la ratiba mpya likiwa limeandamana na tangazo la ratiba ya mwaka jana, hitilafu moja itakuwa imezaa nyingine.

6.0 Kwa Nini Ruhusa ya 777 si Dawa

Katika mazingira ya haraka, kuna njia ya mkato inayojulikana na kila fundi: kutoa ruhusa ya 777, ambayo humruhusu kila mtumiaji wa seva kusoma, kuandika na kuendesha. Katika mfano uliotolewa, njia hiyo ingelifanya tangazo litoke. Hata hivyo, ingekuwa imeleta madhara ya aina tatu.

Kwanza, inafichua siri. Faili la config.pck lina anwani za wanachama wote na, katika toleo la 2.1, nywila zao bila kufumbwa. Kulifungua kwa wote ni kuzitoa nywila hizo kwa kila mwenye akaunti katika seva. Zaidi ya hayo, faili hilo ni la aina ambayo mtu mwenye uwezo wa kuliandika anaweza kupenyeza amri zitakazotekelezwa na Mailman yenyewe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi Na. 11 ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inamtaka anayehifadhi taarifa za watu azilinde. Baada ya tarehe hiyo, ruhusa ya faili imekuwa pia suala la kisheria.

Pili, inazaa hitilafu mpya. Programu ya logrotate, inayozungusha mafaili ya kumbukumbu, hukataa kufanya kazi katika saraka inayoandikika na kila mtu, kwa sababu haiwezi kuiamini. Fundi aliyeifungua saraka ya kumbukumbu kwa 777 atakuwa amesimamisha mzunguko bila kujua. Faili litaendelea kukua, na diski ikijaa, foleni nazo zitasimama. Atakapokuja kulitafuta tatizo hilo, hakuna atakayekumbuka lililoanzisha.

Tatu, inaua ushahidi. Hapa ndipo mfano wa masjala unapofaa. Masjala ya mahakama haikufungiwa milango kwa kuwa watumishi wake ni wabinafsi. Jalada linapokelewa na mtu anayejulikana, linaandikwa katika rejista kwa namba na tarehe, na si kila anayeruhusiwa kuliona anaruhusiwa kuliandika. Mpangilio huo ndio unaoipa rejista sauti mbele ya hakimu. Rejista iliyoachwa barazani, kila mpita njia akiwa na kalamu, inaweza kuwa na kila neno la kweli na bado isiaminiwe.

Faili la kumbukumbu lina hadhi hiyohiyo. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 kinaelekeza kwamba, katika kupima ushahidi wa kielektroniki, izingatiwe namna taarifa ilivyotengenezwa, kuhifadhiwa au kuwasilishwa, namna ukamilifu wake ulivyolindwa, na namna mtoaji wake alivyotambuliwa. Mwanafunzi anaweza kudai kwamba alikosa mtihani kwa kuwa hakupewa taarifa. Chuo kinaweza kudai kwamba taarifa ilitumwa. Katika mfano uliotangulia, kumbukumbu zinaonyesha kwamba wote wawili wanasema kweli: ofisi ilituma, na mwanafunzi hakupokea. Ukweli huo unamwokoa mwanafunzi na adhabu na unamwokoa karani na lawama. Lakini unategemea jambo moja, kwamba hakuna mtu mwingine aliyeweza kuandika katika faili hilo.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba utatuzi wa hitilafu katika seva ya orodha ya barua pepe hufuata mpangilio: kuijua njia ya ujumbe, kuioanisha saa ya mlalamikaji na saa ya seva, kulifuata tukio moja katika mafaili yote, kujaribu kwa mamlaka ya mtumiaji halisi badala ya root, kurekebisha kilichoharibika peke yake, na kukagua foleni kabla ya kuirudisha. Mailman 2.1 hutegemea Python 2, lugha ambayo utunzaji wake ulikoma tarehe 1 Januari 2020, na mrithi wake, Mailman 3, iliyotoka mwaka 2015, ina mpangilio tofauti wa mafaili. Hata hivyo, majina ya saraka ndiyo yatakayobadilika; maswali ya nani anaandika na nani anasoma yatabaki.

Mwaka 2021 sheria ilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania. Hali hiyo inamaanisha kwamba siku moja mtunza seva ataitwa kueleza, kwa Kiswahili, kwa nini mstari fulani katika faili fulani unastahili kuaminiwa. Inapendekezwa kwamba vyuo vinavyoendesha seva zao viwe na daftari la matengenezo linaloonyesha nani aliingia kama root, lini, na alibadilisha nini. Katika mfano uliojadiliwa, mstari mmoja ulioandikwa Ijumaa jioni katika daftari la aina hiyo ungemwonyesha fundi pa kuanzia, na ungeyaokoa masaa ya Jumatatu ambayo wanafunzi walikuwa wakijiandaa kwa mtihani wa siku isiyo yake.